Mduara na Fremu: Kaida za Video ya Muziki wa Asili katika Nyanda za Kati

Kila utanzu wa sanaa huishi kwa makubaliano yasiyoandikwa kati ya msanii na hadhira yake, na makubaliano hayo ndiyo yanayoitwa kaida, yaani mambo ambayo mtazamaji huyatarajia kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio, na ambayo mtengenezaji anaweza kuyatimiza, kuyapindua au kuyaacha kabisa ilimradi ajue kwamba kuyaacha nako kuna gharama. Video ya muziki, filamu fupi inayoandamana na wimbo mmoja na ambayo vijana wa Tanzania wameizoea kwa jina la kichupa, ni sanaa inayotegemea kaida kuliko nyingi nyingine, kwa sababu muda wake ni wa dakika tatu au nne tu na hauna nafasi ya kumweleza mtazamaji kila kitu upya. Andrew Goodwin, mtaalamu wa mawasiliano aliyechapisha mwaka 1992 kitabu kiitwacho *Dancing in the Distraction Factory*, alionyesha kwamba picha za video zina njia tatu za kuhusiana na wimbo: huweza kuonyesha kile kile kinachosemwa na maneno, huweza kukikuza kwa kukiongezea maana, au huweza kwenda njia yake pasipo kuufuata wimbo. Uchambuzi wake ulijengwa juu ya video za kituo cha MTV, kilichoanza kurusha matangazo nchini Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na kwa hiyo unafaa kwa muziki uliozaliwa studioni. Unapopelekwa kwenye muziki uliozaliwa uwanjani, kama ule wa Wagogo wa Dodoma, unahitaji kuongezewa jambo moja ambalo sura hii inalishughulikia, nalo ni kwamba muziki huo tayari una kaida zake za kuonekana, zilizokuwapo kabla ya kamera.

Muziki wa asili wa kujitegemea, kwa maana inayotumika hapa, ni muziki wa msanii au kikundi kinachotumia ala na miundo ya nyimbo za jamii yake huku kikijilipia studio, kamera na usambazaji bila kampuni kubwa nyuma yake. Katika Marekani na Uingereza muziki wa namna hiyo ulipata sura yake ya picha katika miaka ya mwisho ya 2000, wakati Bon Iver alipotoa mwenyewe albamu yake ya kwanza mwaka 2007 na Fleet Foxes walipotoka na yao mwaka 2008. Kaida zilizoota mizizi tangu hapo zinatambulika kwa urahisi: msitu au shamba, mwanga wa asili, mwimbaji peke yake akiwa na gitaa la mbao, nguo zisizo na majina ya makampuni, rangi zilizofifishwa ili picha ionekane ya kale, na mwendo wa polepole. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba video ya wimbo *White Winter Hymnal* wa Fleet Foxes, iliyoongozwa na Sean Pecknold, haina msitu wa kweli wala waimbaji wa kweli, kwa kuwa ilitengenezwa kwa vinyago vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Kinachoifanya ikubalike kuwa ya utanzu wake ni alama ya mkono wa binadamu inayoonekana katika kila picha. Msitu ni pambo tu, nao wengi wanaoiga utanzu huu Afrika Mashariki wamechukua pambo na kuuacha mkono.

Tanzania Bara ilipata televisheni kwa kuchelewa, maana ITV ilianza mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya 1970, na muziki wa kwanza kunufaika na vituo hivyo vipya ulikuwa Bongo Fleva. Kaida za kichupa cha Bongo Fleva zilikomaa haraka: gari, jumba, wachezaji waliofundishwa hatua za pamoja, mavazi yanayobadilika kila beti, na baadaye safari ya kushuti nje ya nchi, kama ilivyokuwa kwa *My Number One* ya Diamond Platnumz mwaka 2013, iliyopigwa Afrika Kusini. Ngoma za asili, kwa upande wake, zilikuwa zimekwisha kupewa sura nyingine na dola. Baada ya Mwalimu Nyerere kuunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, kikundi cha taifa cha ngoma kilikusanya wasanii kutoka makabila mbalimbali na kuwaweka jukwaani, na mwaka 1981 kazi hiyo ya malezi ikawa chini ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Jukwaa lilikuwa na masharti yake, kwa kuwa watazamaji walikaa upande mmoja, wachezaji walipangwa mistari inayowatazama, mavazi yalifanana kama sare, na ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha ilikatwa ili ikamilike kabla mgeni rasmi hajachoka. Kamera za televisheni zilipofika zilirithi mistari hiyo, na hadi leo mtu akiambiwa apige picha za ngoma ya asili hukimbilia kupanga watu mstari, akidhani anafuata mila, kumbe anafuata jukwaa la sherehe za kitaifa.

Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma na kufariki Desemba 2003, alipita katika historia hiyo yote. Kwa mwaliko wa Nyerere alitoka Ugogo akaenda Dar es Salaam, kisha akawa nguzo ya chuo cha Bagamoyo, na kuanzia miaka ya 1990 nyimbo zake zikatolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel mwaka 1989, ikiwamo albamu ya *Chibite* na ile ya *Assembly* ya mwaka 2002 aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Ukoo wake umeendelea na kazi hiyo: mwanawe Msafiri Zawose alitoa *Uhamiaji* mwaka 2017 kwa kuchanganya ala za Kigogo na sauti za mitambo, na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa mzee huyo, walitoa *Maisha* kwa jina la The Zawose Queens. Albamu hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee kwa mjadala wa kaida, kwani kwa miaka mingi wanawake wa kundi hilo walisikika kama waitikiaji na wapigaji wa ngoma nyuma ya mwanamume anayeongoza wimbo, na sasa wao ndio wanaosimama mbele. Video yoyote ya muziki wa aina hii inapaswa kwanza kuamua nani asimame mbele, na katika Ugogo swali hilo lina historia ndefu kuliko ya video.

Kaida zilizomo ndani ya ngoma

Muheme ndiyo ngoma ya Wagogo inayojulikana zaidi nje ya Dodoma, na katika asili yake ni ngoma ya wanawake iliyofungamana na unyago. Wapigaji hubana ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja huku miili yao yote ikienda na pigo, hivyo kwamba anayepiga ni mchezaji vilevile. Kedmon Mapana, msomi wa muziki aliyezaliwa katika eneo hilo na kuanzisha kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Kigogo huko Chamwino kabla ya kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, alichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu jinsi muheme ilivyobadilika kadiri ilivyotoka kwenye unyago na kuingia kwenye hadhara. Mabadiliko hayo yana maana kwamba hakuna muheme moja tu ya kweli inayosubiri kamera ije kuikamata. Kuna ngoma hai ambayo wenyewe wanaendelea kuirekebisha, na mwongozaji wa video ni mmoja tu kati ya wengi wanaoisukuma.

Lililo muhimu zaidi kwa mwenye kamera ni kwamba ngoma hiyo tayari ina uongozaji ndani yake. Mpigaji kiongozi hutoa ishara ya pigo inayowaambia wengine kwamba sehemu inabadilika, kiongozi wa wimbo huanzisha na waitikiaji humpokea, na macho ya wachezaji huelekea pale ishara inapotoka. Mpiga picha anayesikiliza ishara hizo hujua sekunde kadhaa mapema mahali pa kuelekeza lenzi, ilhali asiyezisikiliza hujikuta kila mara amefika baada ya jambo kupita, na hapo ndipo anapoanza kuomba warudie. Kwa sababu watu wamesimama kwa mduara au nusu mduara wakitazamana, mahali panapofaa kwa kamera ni ndani ya mduara, au begani mwa mmoja wa wapigaji, wala hapana haja ya kuwapanga upya ili waitazame. Mtazamaji akiona mgongo wa mtu mmoja na uso wa anayemwitikia, ameelewa muundo wa wimbo bila kuelezwa.

Kaida ngumu kuliko zote kuipatanisha na ngoma ni ya pleibaki, yaani desturi ya kupiga wimbo uliokwisha kurekodiwa kwenye spika huku msanii akiigiza kuuimba kwa midomo. Kichupa cha Bongo Fleva kisingekuwapo bila desturi hiyo, lakini nyimbo za Wagogo zinaimbwa kwa sauti nyingi zinazofuatana na kupokezana, na ngazi yake ya sauti, kama alivyoeleza mtaalamu wa muziki wa Afrika Gerhard Kubik, inatokana na sauti za asili zinazosikika juu ya sauti ya msingi ya uzi au ya koo, zile ambazo mpiga zeze huzijua kwa sikio bila kufundishwa hesabu zake. Hakuna mtu mmoja mwenye wimbo mzima kinywani. Picha ya karibu ya uso mmoja unaofumbua midomo kwa kila neno, ambayo katika muziki wa pop ni kaida isiyokwepeka kwa kuwa inamtangaza nyota, hapa inasema uongo juu ya namna sauti ilivyopatikana. Zaidi ya hayo, mchezaji aliyevaa njuga miguuni ni mpigaji wa ala kwa kila hatua, na hatua ya leo haiwezi kulingana kamili na hatua iliyorekodiwa wiki iliyopita. Sikio la mtazamaji wa vijiji vya Ugogo kama Mvumi au Nzali hukamata tofauti hiyo mara moja, hata kama yule wa Dar es Salaam hataitambua. Ndiyo maana kwa kazi za aina hii ni afadhali sauti irekodiwe palepale uwanjani, kwa maikrofoni chache zilizofunikwa dhidi ya upepo, picha na sauti zikiwa za tendo moja. Filamu ya *Africa: The Beat* ya mwaka 2011, iliyopigwa Nzali na kundi la Samaki Wanne ambamo mtafiti wa muziki kutoka Hispania, Polo Vallejo, alikuwa mmoja wao, iliuonyesha muziki ukiwa ndani ya shughuli za kijiji badala ya kuutenga jukwaani, na ingawa hiyo si video ya wimbo, watengenezaji wa vichupa wana mengi ya kujifunza kwayo.

Mwendo wa polepole una tatizo la aina hiyohiyo. Kamera ikipiga fremu 50 kwa sekunde, na fremu hizo zikaonyeshwa kwa kasi ya 25, mguu huchukua muda maradufu kufika ardhini, huku mlio wa njuga ukiwa umeshapita. Katika wimbo wa gitaa kosa hilo halionekani kwa sababu mkono wa mpigaji hufichwa na picha nyingine; katika ngoma ambamo mwili wenyewe ndio ala, picha na sauti huachana mbele ya macho ya kila mtu. Ukataji wa picha nao hauna budi kuangaliwa. Mhariri aliyezoea Bongo Fleva hukata kwa kufuata pigo moja linalojirudia, lakini mapigo ya Kigogo mara nyingi hugawika kwa mawili na kwa matatu kwa wakati mmoja, hivyo anayekata kwa kufuata moja hulifuta lingine. Picha ndefu isiyokatwa, inayoshikilia watu watano au sita kwa nusu dakika nzima, huonyesha mgawanyo huo vizuri kuliko picha 20 za haraka, na kwa kuwa haihitaji mitambo mingi, inamfaa pia msanii asiye na fedha.

Mahali ambapo picha ya karibu inastahili kweli ni kwenye ala. Ilimba ya Kigogo, ambayo mahali pengine huitwa marimba ya mkono, ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole, na zile kubwa zina vyuma dazeni kadhaa ambavyo baadhi yake havipigwi kabisa: vinatetemeka vyenyewe pale vyuma jirani vinapoguswa, na mtetemeko huo ndio unaoipa ala hiyo uvumi wake unaoendelea baada ya kidole kuondoka. Juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ambao sauti inapoupiga hutoa mlio wa kukwaruza kidogo, na fundi wa kurekodi asiyeujua anaweza kuudhania kuwa ni hitilafu ya maikrofoni. Lenzi ya karibu yenye mwanga wa pembeni huweza kuonyesha chuma kisichoguswa kikitetemeka, na huo utando ukicheza. Picha kama hiyo inakuza maana ya wimbo kwa namna aliyoieleza Goodwin, nayo haihitaji mbuyu wala machweo ya jua.

Mandhari na hali ya hewa

Mbuyu na machweo, hata hivyo, vitaombwa. Uwanda wa kati uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, na kwa miezi inayobaki ni udongo mwekundu, majabali, miiba, mibuyu isiyo na majani na vumbi. Mwongozaji aliyekuja na kaida za msitu wa Ulaya kichwani huona upungufu, na hufanya mojawapo ya mambo mawili yenye madhara: ama anahamisha kazi kwenda kwenye kijani cha Morogoro au Lushoto, na hivyo kumvika Mgogo mandhari ya watu wengine, ama anaifanya nchi kavu kuwa alama ya njaa na huzuni, jambo linaloifanya video ifanane na matangazo ya misaada. Kwa wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, kiangazi ni majira ya baada ya mavuno, na ndiyo majira ya sherehe. Uwanja mkavu uliokanyagwa na miguu ya watu ni mahali pa furaha, nao wachezaji wakitimua vumbi huonekana vizuri zaidi kuliko wakiwa kwenye nyasi zinazowafunika njuga.

Mwanga una masharti yake pia, kwa kuwa Dodoma iko karibu nyuzi sita kusini mwa Ikweta na jua la saa sita mchana hushuka wima, likiziacha nyuso zenye ngozi nyeusi katika kivuli cha paji la uso huku ardhi nyekundu ikimeremeta kupita kiasi. Saa za kazi ni kuanzia alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi, kisha saa kumi jioni hadi jua linapozama. Katikati yake kivuli cha nyumba ya tembe, ile ya udongo yenye paa bapa, hutosha kwa picha za ala. Upepo wa mchana hurusha vumbi hadi ndani ya lenzi, na droni nyepesi huyumba.

Upo pia upande wa mji ambao kaida za muziki wa asili huukwepa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukatekelezwa kwa kasi kuanzia 2016, na mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam. Vijana wa Kigogo wanaopiga zeze leo wanaishi kati ya majengo ya wizara na bodaboda, na kuwapeleka kijijini wakavae kaniki kwa ajili ya kamera, wakati nyumbani huvaa jezi, ni uigizaji wenye ulaghai kidogo ndani yake. Video ya zeze ndani ya stendi ya mabasi huivunja kaida na kubaki na ukweli, mradi mpigaji awe anajua anachofanya.

Kuazima na kulipa

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa *Salome*, wimbo uliojengwa juu ya *Maria Salome* wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Kagera aliyetamba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huo ulikuwa uhamisho wa wazi kutoka utanzu mmoja kwenda mwingine, kwani wimbo wenye mizizi ya ngoma uliingizwa katika kaida za Bongo Fleva, na mamilioni waliousikia kwa mara ya kwanza waliusikia katika sura hiyo mpya. Uhamisho huo haukumzika mwenye wimbo. Jina la Saida lilirudi midomoni mwa watu, na mwaka 2017 alitoka na *Orugambo*. Somo lake kwa wasanii wa nyanda za kati ni kwamba kuchanganya kaida hakuna ubaya pale chanzo kinapotajwa. Kigumu ni kwamba *Maria Salome* ina mwimbaji anayejulikana kwa jina, wakati nyimbo nyingi za muheme na za nindo, ngoma nyingine ya Wagogo, ni mali ya kijiji, na hakuna simu ya kumpigia mtunzi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi za sanaa za jadi kuwa kitu kinacholindwa, na zipo taratibu nyingine za kufuata, kwa kuwa BASATA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na upigaji wa filamu unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976. Mwenye kutaka kupiga picha kwenye michoro ya mapangoni ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, anahitaji ruhusa ya mamlaka za malikale. Kibali cha serikali, hata hivyo, hakimalizi jambo, maana zipo nyimbo za jandoni na unyagoni ambazo wazee hawataki zisikike mbele ya kila mtu, na mwongozaji mwenye busara huuliza kwanza ni zipi kabla ya kufungua mkoba wa kamera, kisha huyakubali majibu anayopewa.

Lipo jambo dogo ambalo watengenezaji wengi hulipuuza na ambalo halina gharama yoyote. Vichupa vya Bongo Fleva humtaja mwongozaji, mhariri, mrembaji na mwenye gari, lakini vya ngoma huishia na maneno "kikundi cha akina mama" au jina la kijiji peke yake. Majina ya wapigaji wote yaandikwe mwishoni mwa video, kila mmoja pamoja na ala yake; zaidi ya hayo, malipo yao yakubaliwe kwa maandishi kabla ya siku ya kazi, na nakala ya picha zote, pamoja na zile zilizokatwa, iachwe kwa kikundi chenyewe.